Picha ni ya kweli, maneno yaliyo chini yake je? Uzi wa kusoma pamoja yanayotufikia kwenye simu hapa Goma

Mwalimu_Himbi

Ndugu zangu, salamu kutoka Goma.

Nafungua uzi huu kwa sababu kila volkano yetu ya Nyiragongo ikitoa mwanga mwekundu usiku, kila risasi ikisikika pembezoni, simu zetu hujaa picha kabla hatujajua kinachoendelea kwenye avenyu yetu wenyewe. Ninafundisha vijana, na naona wengi wamefunzwa kuogopa kitu kimoja tu: picha iliyotengenezwa kwa kompyuta. Hizo zipo na zinazidi kuongezeka. Lakini zinazotuumiza zaidi huku kwetu ni picha za kweli kabisa. Watu ni wa kweli, moshi ni wa kweli, machozi ni ya kweli. Kilichobadilishwa ni mstari mmoja chini yake: mahali, tarehe, au jina la aliyefanya.

Ninachoomba ni hiki. Posti ikifika, funika maneno kwa kidole gumba. Tazama picha peke yake, useme unachokiona bila kuongeza chochote. Halafu toa kidole, usome, ujiulize: ni nini hapa ambacho picha haikukisema?

Nitoe mfano ambao kila mtu wa Goma anaujua. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Lava ilikata barabara ya Rutshuru, ikaunguza nyumba upande wa Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Katikati ya mji haikufika. Tarehe 17 Januari 2002 ilikuwa habari nyingine: lava ilipita juu ya njia ya ndege, ikapasua mji, ikashuka mpaka ziwani. Basi ukiletewa picha ya lava kati ya maduka ya mjini, mchana kweupe, na maneno yanadai ni 2021, huhitaji programu yoyote. Unachohitaji ni kukumbuka lava ilisimama wapi.

Na zile video safi za droni, lava ikimwagika kwenye bonde tupu? Mwaka huohuo wa 2021 volkano ya Fagradalsfjall huko Iceland ilianza kutoa lava tarehe 19 Machi, na ilipigwa video nyingi sana. Tazama ardhi. Hakuna mgomba, hakuna ukuta wa mawe meusi, hakuna bati hata moja. Hapo si Kibati, kwetu chini ya Nyiragongo.

Karibuni. Leteni mliyoyaona, tuyasome pamoja.

Motari_Ndosho

Aksanti mwalimu. Mimi naongezea odio, zile jumbe za sauti. Sisi wamotari, tunaobeba watu kwa pikipiki, ndizo zinazotusumbua kuliko picha. Mtu anasema kwa sauti ya kuhema, "niko hapa, msipite, wamefunga barabara." Hapa wapi? Hasemi. Leo? Hasemi. Odio moja inazunguka wiki nzima na kila asubuhi inakuwa ya "leo". Ukiamini, siku yote hupati hata pesa ya mafuta.

Kwa hiyo tumekubaliana kwenye parkingi yetu: odio isiyotaja avenyu na siku haitoki kwenye simu ya aliyeipokea. Tunampigia mwenzetu aliye upande ule. Dakika moja ya kupiga simu ni rahisi kuliko siku nzima ya kukaa.

Mwalimu_Himbi

Kaka, hilo ni jambo kubwa. Odio inashawishi kwa sababu tunasikia hofu ya mtu, na hofu hiyo inaweza kuwa ya kweli. Lakini mtu kuogopa kweli haina maana kwamba ameona. Sikiliza kama anasema "nimeona" au "wanasema". Mara nyingi odio nzima ya dakika tatu haina "nimeona" hata moja.

Muuguzi_Kyeshero

Naomba niandike kwa urefu kidogo, maana jambo hili nimeliishi.

Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa hapa Goma alikuwa Julai 2019, na siku chache baadaye OMS, shirika la afya duniani, ikatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Mlipuko ulipomalizika tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Katika muda wote huo tulipokea posti za kila aina: kwamba Ebola haipo, kwamba ni biashara ya wageni, kwamba chanjo ndiyo inayoua. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Kwa hiyo sisi waganga hatuoni posti kama maneno matupu.

Lakini nataka kusema kitu ambacho wengi hawapendi kukisikia. Uvumi ule haukuota juu ya jiwe. Desemba 2018 tume ya uchaguzi iliahirisha kura Beni na Butembo mpaka Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama, wakati karibu nchi nzima ilikuwa inapiga kura kumchagua rais mwezi huohuo. Mtu wa Beni aliyeambiwa usipange mstari wa kura kwa sababu ya ugonjwa, lakini anapanga mstari sokoni na kanisani kila siku, atauliza maswali. Alikuwa na haki ya kuuliza. Na watu waliona magari mapya na mishahara mikubwa ikija pamoja na Ebola, wakati kwa miaka mingi waliuawa vijijini bila magari hayo kuja.

Posti iliyosema "Ebola ni siasa" ilibeba kidonda cha kweli ndani yake, kisha ikakitumia kupitisha uongo mmoja mbaya: kwamba ugonjwa haupo. Ukimjibu mtu kwa kumcheka, unakuwa umekicheka kidonda pia, na hatakusikiliza tena. Mimi nilikuwa ninaanza hivi: "Mama, kuhusu kura una haki kabisa. Sasa tuongee kuhusu homa ya mtoto." Wengi walikuja.

Kwa hiyo ninaposoma posti ya uongo, mbali na kuuliza kama ni kweli au si kweli, nauliza imebeba ukweli gani unaoifanya itembee.

Neema_Majengo

Dada, umenigusa. Nilikuwa Butembo wakati ule.

Mwalimu, mmoja ametuma picha sasa hivi kwenye grupu la kanisa na watu wanaanza kufunga mizigo. Siwezi kuiweka hapa, nyuso za watoto zinaonekana. Naieleza: barabara ya lami imejaa watu wanaotembea, magodoro kichwani, chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, imebeba masufuria na mtoto juu yake. Maneno yake: "GOMA LEO ASUBUHI. Volkano imelipuka, wanatuficha. Kimbieni kabla gesi ya ziwa haijatoka!!! Tuma kwa watu 10."

Mwalimu_Himbi

Aksanti kwa kutoiweka, dada. Tuisome kabla mtu hajapanda pikipiki. Nisaidie na haya: barabara imelowa au imekauka? Watu wanatoka kwenye kamera au wanaijia? Vivuli vimeangukia wapi? Ziwa linaonekana? Kuna kitu chochote usoni mwao, mikononi, kwenye nguo?

Neema_Majengo

Barabara kavu, vumbi pembeni. Wanaiacha kamera, tunaona migongo. Vivuli virefu, viko mbele yao. Maji yanaonekana kidogo upande wa kushoto. Wengi wana barakoa, wengine wameishusha kidevuni.

Motari_Ndosho

Leo kumepambazuka na mvua mji mzima. Mimi nimelowa tangu Mugunga. Barabara kavu ya wapi?

Mwalimu_Himbi

Hapo tayari "leo" imeanguka. Tuendelee, kwa sababu tunapaswa kujua hao watu ni akina nani, wasipotee tu kwenye neno "uongo".

Maji kushoto, na watu wanatembea kuelekea mbele. Ukitoka Goma kwenda Sake unaelekea magharibi, na ziwa linakuwa kushoto kwako. Vivuli virefu vimewatangulia, maana yake jua liko mgongoni, upande wa mashariki: ni asubuhi kweli. Barakoa kwa wingi namna hiyo ni wakati wa korona. Unganisha: asubuhi, njia ya Sake, watu na magodoro, barakoa. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlipuko, gavana wa kijeshi Constant Ndima alitangaza kwamba kartie (mitaa) 10 kati ya 18 za mji ziondoke, na mamia ya maelfu ya watu walitoka, wengi wakielekea Sake. Nadhani ni siku hiyo. Dada, kata maneno yote ubaki na picha tupu, halafu uipitishe kwenye Google Lens. Haitakula mega nyingi.

Neema_Majengo

Nimefanya. Inatokea kwenye kurasa za habari za mwisho wa Mei 2021. Ileile, chukudu ileile.

Mwalimu_Himbi

Mungu ni mwema. Waambie wafungue mizigo.

Sasa turudi kwenye maneno, kwa sababu aliyeyaandika anajua kazi yake. Kuna vipande vinne.

"Leo asubuhi." Asubuhi ni kweli, leo si kweli. Uongo mzuri hubakiza nusu ya ukweli ili ukiukagua upesi ukute sehemu inakubali.

"Gesi ya ziwa." Hiyo hofu ina mizizi. Ziwa Kivu lina takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 hivi za methani, zimeyeyuka kwenye maji ya chini sana. Mwaka 1986 Ziwa Nyos huko Kamerun lilitoa gesi ikaua watu wapatao 1,700 usiku mmoja. Na sisi hapa tuna mazuku, mashimo yenye gesi yanayoua mbuzi na hata watu. Mtu akisema gesi haipo, huyo ndiye mwongo. Lakini posti imechukua hatari iliyopo miaka yote ikaifanya tukio la leo, bila kusema nani amepima nini. Kupima ni kazi ya Observatuari ya Volkano ya Goma, OVG, na tangazo lao lina tarehe, sahihi na namba.

"Wanatuficha." Hapa ndipo naomba mtulie, maana ndiyo sentensi hatari kuliko zote. Ukifungua redio ukakuta hakuna habari ya volkano, kwa kawaida ungetulia. Sentensi hii imefika kabla yako, imeshakuambia kwamba ukimya wa redio ndio ushahidi. OVG wakikanusha, wanaficha. Wakinyamaza, wanaficha. Jirani yako wa Kibati akisema haoni kitu, amedanganywa. Hakuna tena kitu chochote duniani kinachoweza kuonyesha kwamba posti imekosea. Dai lolote lililojifungia milango yote namna hiyo, mimi nalitilia shaka hapohapo, hata kama mamlaka kweli zimewahi kutuficha mambo. Na zimewahi, ndiyo maana sentensi hiyo inafanya kazi.

"Tuma kwa watu 10." Aliyeona nyumba yake inaungua hahesabu watu.

Mtoto_wa_Goma_Kinshasa

Niongezee moja dogo kuhusu saa. Huku Kinshasa tuko nyuma ya Goma kwa saa moja, na mtandao wa X unaonyesha saa ya simu ya anayesoma. Tukio linatokea Goma saa mbili na nusu asubuhi. Mtu anaandika saa tatu kasoro robo. Mimi huku naona imeandikwa saa mbili kasoro robo, napiga picha ya skrini, inarudi Goma, na watu wanasema "aliandika kabla haijatokea, walipanga!" Nimeona ugomvi mkubwa kabisa wa namna hiyo. Kabla ya kusema mtu alijua mapema, uliza picha ya skrini ilipigwa mji gani.

Mama_wa_Kituku

Mimi ninauza samaki karibu na bandari. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli Merdi kutoka Minova ilizama mbele ya macho yetu. Video mliyoiona, meli ikilala ubavu na watu wakiingia majini, ni ya kweli, ilipigwa na waliokuwa nchi kavu.

Lakini baadaye watu walianza kutukanana juu ya hesabu. Gavana wa Kivu Kusini alitaja waliokufa 78. Wengine walitaja namba ndogo zaidi, miili iliyokwisha kutolewa majini. Basi posti zikasema "tazameni wanavyodanganya, kila mtu na namba yake." Hapana. Mmoja anaweza kuwa anahesabu pamoja na waliopotea, mwingine miili tu. Na meli zetu mnazijua, watu wanapanda njiani bila kuandikwa. Kabla ya kusema mtu amedanganya kwenye namba, ulizeni anahesabu nini. Sisi tuliopoteza watu tulisoma matusi yale tukiwa bado pwani tunasubiri.

Mwalimu_Himbi

Pole sana, mama. Aksanti kwa kutuandikia hili.

Msomaji_Mwanza

Habari zenu ndugu wa Kongo. Niko Tanzania, nawafuatilia. Naomba mnisaidie: huku kwetu zilienea video mbili kutoka kwenu. Moja mawe yanawasha taa yakigusishwa na nyaya. Nyingine watu wanachimba udongo wenye dhahabu kwa majembe na mikono, wanauosha kwenye beseni. Zote zilinishangaza, nikaziweka kapu moja. Je, zote ni uongo?

Kaka_wa_Bukavu

Karibu sana ndugu. Kapu si moja.

Ya dhahabu ni ya kweli, ni Luhihi, kama kilomita 50 kutoka hapa Bukavu. Mwanzoni mwa 2021 watu walifurika mpaka waziri wa madini wa jimbo akasimamisha uchimbaji ili wachimbaji waandikishwe. Chumvi iko kwenye maneno: "mlima mzima wa dhahabu". Ni kilima chenye udongo wenye madini, mtu anaosha siku nzima apate punje.

Ya mawe ilizunguka Januari 2023. Jiwe lenye madini ya chuma au shaba linaweza kupitisha umeme, halitengenezi umeme. Ukiona taa inawaka, kuna chanzo ambacho kamera haikuonyesha. Na fikiria: kama mawe yetu yangekuwa na umeme, Bukavu tungelala giza?

Kwa hiyo ajabu si kipimo. Ya ajabu moja ni kweli, ya ajabu nyingine si kweli. Tazama kama video inakuonyesha mwanzo mpaka mwisho wa jambo. Luhihi unaona udongo, beseni, maji, mchanga unaong'aa. Kwenye mawe unaona nyaya zinatoka nje ya picha.

Mhitimu_Katindo

Na tangazo la kazi? Nimepokea la ONG (shirika lisilo la serikali) moja kubwa, nembo ipo, Kifaransa kizuri, wanatafuta watu 40 Goma na Masisi. Wanaomba dola 15 za dosye (faili la maombi) kwa Airtel Money, mwisho kesho saa sita.

Muuguzi_Kyeshero

Mdogo wangu, usitume. ONG inayoajiri haiombi pesa kwa mwombaji, iwe ya dosye, ya mafunzo wala ya kitabibu. Angalia imeili ya kutuma maombi: ikiishia gmail badala ya jina la shirika, simama. Andika mwenyewe anwani ya tovuti yao, usibonyeze linki ya kwenye tangazo, utafute kazi hiyo ndani. Na ule mwisho wa "kesho saa sita" umewekwa ili usipate muda wa kuuliza hapa.

Mhitimu_Katindo

Nimeingia kwenye tovuti yao, kazi hiyo haipo. Na imeili ni ya gmail kweli. Aksanti yaya, hiyo dola 15 nilikuwa nimeikopa.

Neema_Majengo

Swali la mwisho kwangu. Aliyetuma ile picha ya magodoro ni baba mdogo wangu, mzee wa kanisa. Grupu lina watu zaidi ya mia. Nikimwambia mbele ya wote "hii ni ya 2021" nimemvunjia heshima. Nikinyamaza, wengine wanaendelea kuituma. Tayari ina ile alama ya mishale miwili.

Mwalimu_Himbi

Mishale miwili kwenye WhatsApp maana yake imepita mikono mitano au zaidi kabla ya kufika kwake. Hilo linakusaidia, kwa sababu linaonyesha si yeye aliyeianzisha. Mpigie kwanza, kabla ya kuandika. Mwambie: "Papa, aksanti kwa kutufikiria. Picha uliyotuma nimeikuta kwenye habari za Mei 2021, siku ile tulipokimbilia Sake. Ninakutumia nilichokiona. Ungependa uwaambie mwenyewe, maana wewe watakusikiliza?" Mtumie na linki. Mzee akisahihisha mwenyewe, watu mia wanamwamini zaidi ya wewe na mimi, na hakuna aliyeaibika.

Muombe pia aifute kwa kila mtu, kwa ajili ya wale watoto wa kwenye chukudu. Wana umri mkubwa sasa, na hawakuomba kukimbia kila mwaka.

Neema_Majengo

Nimempigia. Amenyamaza kidogo, halafu akasema yeye mwenyewe alikuwa njia ya Sake siku ile, miguu ilivimba, na picha ilipomfikia aliona kama inarudi. Anaandika kwenye grupu sasa hivi.

Motari_Ndosho

Mwambie papa njia ya Sake leo ni matope tu, magari yanapita. Nimetoka huko.

Muuguzi_Kyeshero

Mwalimu, naomba hayo maswali ya barabara, vivuli, ziwa na nguo uyaandike peke yake kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, herufi kubwa. Nitayabandika pale wagonjwa wanaposubiri zamu. Wanakaa saa nyingi, na simu ziko mikononi.

Mwalimu_Himbi

Nitayaandika usiku huu. Nitumie ukubwa wa karatasi mnaouchapisha.

Muuguzi_Kyeshero

A4 tu. Mashine yetu haina nyingine.